Mrututu, Chokaa na Ulimi Mkali

Mkulima wa kahawa Igamba, wilayani Mbozi, husema "dawa hii ni kali." Akirudi nyumbani husikia kwamba shemeji yake ana maneno makali. Neno ni lilelile. Kiswahili kimewapa ukali wembe, pilipili, jua, dawa na ulimi, wala hakuna anayeshangaa.

Waingereza walifika hapohapo kwa kupitia maabara. Neno lao vitriol lina asili ya Kilatini, kwenye neno la kioo, kwa kuwa fuwele za chumvi zilizoitwa hivyo hung'aa kama kioo. Ya buluu ndiyo mrututu wetu, yaani salfeti ya shaba. Ile ya kijani, ya chuma, wakemia wa kale waliichoma wakapata tindikali ya salfa, hii tunayotia kwenye betri za magari. Kitu kinachounguza hivyo kikaja kuwa jina la matusi yenye sumu.

Wazee wanaukumbuka mrututu kidondani: ulisagwa, ukapakwa, mtoto akaruka. Shambani ni kinga ya magonjwa ya kahawa: kutu ya majani na chulebuni. Ila ukiyeyushwa majini peke yake una asidi, huunguza majani. Dawa yake ni chokaa. Karibu na Bordeaux, Ufaransa, wakulima walipaka mchanganyiko huo mizabibu ya kando ya njia ili kuwatisha wezi. Mtaalamu Millardet akaona mizabibu hiyo imenusurika na ukungu, na mwaka 1885 akautangaza.

Leo dawa za shaba huuzwa zikiwa tayari, lakini kanuni ya zamani ni rahisi: kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa, lita 100 za maji, kwenye chombo cha plastiki. Kabla ya kujaza bomba, chovya msumari uliosuguliwa ukang'aa. Ukitoka na wekundu wa shaba, chokaa haijatosha.

Chokaa haiiondoi shaba. Shaba imo, na ukungu unakufa. Kilichotulizwa ni ule uunguzaji. Mwenye la kumkosoa mwenzake naye hana haja ya kulipunguza neno lake. Alichovyee msumari kwanza.

Tunajifariji kwamba maneno makali hayavunji mfupa. Mrututu nao hauvunji tawi. Huunguza jani, na jani ndilo linalolisha buni.