Bei si Thamani: Jiulize Hivi Kabla ya Kuweka PIN

Mtu wa Likoni anayevuka feri kwa miguu halipi hata shilingi moja. Bei yake ni sufuri. Lakini siku feri ikiharibika, ndipo kila mtu anapojua thamani yake: kibarua kimepotea, mtoto amechelewa shule, samaki wa mama muuza wameanza kulegea kwenye ndoo. Sasa pindua hesabu. Je, hakuna kitu ulichokilipia elfu kumi, na baada ya miezi miwili kikawa kinakaa tu uvunguni mwa kitanda? Huyo ana bei kubwa, lakini thamani yake ni ndogo.

Bei ni pesa inayotoka kwenye simu yako. Thamani ni kile kinachorudi kwako, kwa muda wote utakaokaa na kitu hicho. Hivi ni vitu viwili tofauti, na kuna wawekezaji waliotajirika kwa kuvitenganisha tu. Wanaitwa wawekezaji wa thamani. Hebu tuone wanavyofikiri, kisha tuzilete fikra zao hadi dukani kwa jirani.

Fikra yenyewe ni ipi?

Mwalimu wao mkuu ni Benjamin Graham, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kutoa kitabu chake The Intelligent Investor mwaka 1949. Mwanafunzi wake anayejulikana zaidi ni Warren Buffett. Mafundisho yao, tukiyafupisha, ni haya matatu.

Kwanza, hisa si tiketi ya bahati nasibu. Ni kipande cha biashara halisi, yenye wafanyakazi, wateja, madeni na faida. Ukinunua hisa, umekuwa mmoja wa wenye duka.

Pili, bei ya sokoni ni maoni ya watu ya siku hiyo. Leo wamefurahi, inapanda. Kesho wameogopa, inashuka. Duka lenyewe huenda halijabadilika hata kidogo. Kwa hivyo bei ikishuka si lazima ukimbie, na ikipanda si lazima ufuate mkumbo.

Tatu, acha nafasi ya kukosea. Ukipiga hesabu ukaona kitu kina thamani ya shilingi 100, usikinunue kwa 98. Subiri ukipate kwa 70 au 60, kwa sababu hesabu yako mwenyewe inaweza kuwa na makosa.

Hisa moja, bei mbili: mfano wa Safaricom

Wengi wetu tunawakumbuka wazazi wakizungumzia hisa za Safaricom mwaka 2008. Serikali iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Watu walipanga foleni, na kuna waliokopa benki ili wasipitwe. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, kwa hivyo wengi walipewa sehemu ndogo tu ya walichoomba. Zikaanza kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi mwezi Juni 2008, bei ikaruka juu ya shilingi 7. Lakini kufikia mwanzoni mwa 2009 ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 4.

Fikiria sasa aliyekopa. Benki inataka pesa yake kila mwezi, na hisa zimeshuka. Huyo alilazimika kuuza kwa hasara, hata kama kampuni ilikuwa nzuri. Aliyenunua kwa akiba yake, pesa ambayo hakuihitaji kwa karo wala kodi ya nyumba, alikaa akingoja.

Kungoja kulilipa vipi? Kampuni ikipata faida, inaweza kuwagawia wenye hisa. Fungu hilo huitwa gawio. Kwa mwaka wa fedha ulioisha Machi 2025, Safaricom ilitoa gawio la shilingi 1.20 kwa kila hisa. Hebu tuwalinganishe watu wawili wenye hisa 1,000 kila mmoja.

Wa kwanza alinunua mwaka 2008 kwa shilingi 5. Alitoa 5,000. Gawio lake la mwaka ni 1,200 kabla ya ushuru. Hiyo ni asilimia 24 ya pesa aliyotoa.

Wa pili alinunua mwaka 2021, wakati bei ilikuwa imepita shilingi 40 na kila mtu anaisifu. Alitoa 40,000. Gawio lake ni lile lile, 1,200. Kwake hiyo ni asilimia 3 tu. Na kabla ya mwaka 2023 kuisha, bei ya hisa hiyo ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 15.

Kampuni ni moja na gawio ni moja. Tofauti yao ni bei waliyoingilia. Ndiyo maana mwekezaji wa thamani haulizi tu, "Hii kampuni ni nzuri?" Anauliza pia, "Ni nzuri kwa bei hii?"

Jirani yetu wa Bamburi

Mfano mwingine uko hapa hapa Kisauni. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kimekuwepo tangu miaka ya 1950, na watu wa upande huu wamezoea kukipita ndani ya matatu ya kwenda Mtwapa bila kukitazama mara mbili. Mwezi Julai 2024, kampuni ya Amsons kutoka Tanzania ilisema iko tayari kununua kila hisa ya Bamburi kwa shilingi 65. Wakati huo, sokoni, hisa hiyo ilikuwa inauzwa karibu shilingi 45.

Mbona mtu alipe 65 kwa kitu kinachouzwa 45? Kwa sababu mnunuzi hakuangalia bei ya siku. Aliangalia viwanda, jina ambalo kila fundi analijua, na saruji itakayouzwa miaka ijayo. Kwa hesabu yake, vyote hivyo vilistahili zaidi ya bei ya soko. Kabla ya mwaka kuisha, Amsons ilikuwa imeichukua kampuni. Aliyekuwa amenunua hisa kwa 45 akaweza kuziuza kwa 65.

Lakini rahisi si lazima iwe na thamani

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu akisikia habari za kununua kwa bei ya chini, anakimbilia chochote kilicho chee. Kumbuka Mumias Sugar. Ilikuwa kampuni kubwa kabisa ya sukari nchini, na hisa zake zilinunuliwa na watu wa kawaida, wakiwemo wakulima wa miwa. Kufikia 2019 hisa moja ilikuwa chini ya senti 50. Chee kweli kweli! Lakini kampuni ilikuwa imezama kwenye madeni, ikawekwa chini ya usimamizi kwa ajili ya wadai, na uuzaji wa hisa zake sokoni ukasimamishwa. Aliyenunua kwa sababu ya bei peke yake alibaki na karatasi.

Wazee wetu walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu kikijitembeza sana kwa bei ya chini, kwanza uliza kwa nini.

Simu: kazi au sura?

Tuache soko la hisa, tuje mkononi mwako. Tuseme simu inauzwa 15,000 taslimu. Ukichukua kwa malipo ya kila siku, unaweka 3,000 kwanza, halafu shilingi 70 kila siku kwa mwaka mzima. Piga hesabu: 70 mara 365 ni 25,550. Jumlisha 3,000, inakuwa 28,550. Umeongeza 13,550 juu ya bei ya simu yenyewe.

Je, huo ni upumbavu? Si lazima. Mwendesha boda wa Magongo ambaye simu hiyo itamletea wateja, akabaki na shilingi 200 za ziada kwa siku 25 za mwezi, anapata 5,000 kwa mwezi. Baada ya miezi sita simu imejilipa. Kwake ina thamani. Lakini mtu ambaye simu yake ya sasa inapiga, inapokea na inatuma pesa vizuri, anayetaka tu kamera kali zaidi, analipa 28,550 kwa ajili ya picha. Ni haki yake, ni pesa yake. Ajue tu anacholipia, na ajue kwamba akikosa kulipa, simu inaweza kufungwa.

Shilingi 70 inaonekana ndogo kwa sababu inatoka kidogo kidogo. Kila ukiambiwa "ni bob sabini tu kwa siku", jibu kwa hesabu ya mwaka.

Dukani na sokoni

Viatu vya kazi: vya 800 vikikufia kila miezi miwili, kwa miaka miwili utanunua jozi 12, yaani 9,600. Vya 3,000 vikidumu miaka miwili, umetumia 125 kwa mwezi badala ya 400. Mtumba mzuri wa ngozi wa Kongowea nao ni fikra ile ile ya Graham: kiatu kimeshuka bei kwa sababu kimevaliwa, lakini kazi yake bado iko. Kazi yako ni kukagua soli na mshono kabla ya kulipa.

Mafuta ya kupima: tuseme unapima ya 20 kila siku. Kwa mwezi ni 600. Ukiona mafuta hayo hayo kwa chupa yangekugharimu 480, umelipa 120 kwa ajili ya kununua kidogo kidogo. Lakini kuwa mkweli. Chupa ikiwa jikoni ikamiminwa kwa mkono mkubwa, ikaisha wiki mbili, faida imekwenda. Na ukikopa kwenye simu ili ununue kwa wingi, toa gharama ya mkopo kwanza ndipo useme umeokoa.

Maswali manne kabla ya PIN

1. Kitu hiki kitanirudishia nini: pesa, muda, afya au raha tu?
2. Kitadumu muda gani, na kwa mwezi kinanigharimu ngapi?
3. Bei kamili ni ngapi nikijumlisha riba, ada ya kutuma au kutoa, na matengenezo?
4. Nikiwa nimekosea hesabu, nitaumia kiasi gani?

Andika majibu kwenye daftari au kwenye simu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na ukiamua kuanza hisa, pitia kwa dalali wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ufunguliwe akaunti ya hisa kwa jina lako. Mtu akikwambia umtumie pesa kwa namba yake binafsi ili "akuwekee hisa" zitakazojizidisha kwa wiki moja, huyo hauzi hisa. Usitume. Na usinunue hisa kwa mkopo wa simu: mkopo utadai baada ya mwezi, ilhali biashara nzuri huenda ikahitaji miaka.

Makala haya ni ya kukuelimisha, si ushauri wa kununua hisa ya kampuni yoyote. Ila leo jaribu jambo moja. Fungua taarifa ya miamala yako ya mwezi uliopita, chagua malipo matano makubwa, na kwa kila moja jiulize: nilipata nini? Ambayo huna jibu lake, mwezi ujao anza kuipunguza hiyo.