Mkana Mungu na Kiapo Chake (4): Mbunge wa Northampton

Tangu mkana Mungu Mubarak Bala atoke gerezani huko Nigeria mwezi Januari 2025, wasomaji wa safu hii wamekuwa wakiniuliza swali lile lile kwa namna mbalimbali. Mtu asiyemwamini Mungu tumshike kwa lipi hata tumwamini? Akiahidi, ahadi yake ina uzito gani? Akisimama kizimbani kutoa ushahidi, nini kitamzuia kusema uongo ikiwa hamwogopi Yule tunayemwogopa sisi? Katika sehemu tatu zilizotangulia tuliwapitia Wagiriki, tukampitia Baron d'Holbach na wageni wa meza yake pale Paris, na tukatenganisha mkana Mungu na mtu anayesema tu kwamba hajui. Sitayarudia hayo. Leo nitajibu kwa kisa cha Charles Bradlaugh, Mwingereza ambaye nimekuwa nikisoma habari zake tangu ujanani, na ambaye ninaamini alilijibu swali hilo kwa maisha yake kuliko mwanafalsafa yeyote alivyolijibu kwa kalamu.

Swali lenyewe ni la zamani. John Locke, katika barua yake ya mwaka 1689 juu ya kuvumiliana kwa watu wa imani mbalimbali, alikuwa mpana wa moyo kwa wengi, lakini alipowafikia wakana Mungu alifunga mlango. Ahadi, mapatano na viapo ndivyo vinavyoishikilia jamii, alisema, na mtu wa namna hiyo hana kitu cha kumfunga. Mahakama za Uingereza zilimfuata. Katikati ya karne ya 18 zilikubali Mhindu aape kwa desturi ya dini yake, lakini asiye na dini hakuwa na la kuapia, kwa hiyo ushahidi wake haukupokelewa. Aliweza kuibiwa mchana kweupe, akamjua mwizi kwa sura na kwa jina, na bado hakimu akakataa kumsikiliza.

John Stuart Mill aliukemea upuuzi huo mwaka 1859. Alionyesha kwamba mkana Mungu aliye mwongo anaapa bila shida na kupokelewa, na anayekataliwa ni yule tu aliyekubali kudharauliwa na umma kuliko kutamka asichokiamini. Sheria iliyotungwa kuwazuia waongo ikawa inawafukuza wakweli. Ilirekebishwa mwaka 1869, lakini kwa mahakamani tu. Bungeni mlango ulibaki umefungwa.

Bradlaugh alizaliwa Hoxton, London, mwaka 1833, mtoto wa karani maskini. Alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, tena mwenye bidii. Kasisi wake alipomtaka ajiandae kwa kipaimara, kijana alifanya kile ambacho kila mwalimu mwema angetamani mwanafunzi wake akifanye: alizisoma Kanuni 39 za Kanisa la Uingereza sambamba na Injili nne, akaona mahali ambapo kwa macho yake havikupatana, akamwandikia kasisi kuomba ufafanuzi. Hakufafanuliwa. Kasisi alimwandikia baba yake kumshitaki kwa ukanaji Mungu na akamsimamisha ualimu. Kijana hakuwa amefika huko bado, alikuwa ameuliza tu. Baadaye alipewa siku tatu abadili mawazo yake au apoteze kazi, akaondoka nyumbani akiwa hajafikisha hata miaka 18. Nawaomba walimu wa madrasa na wa katekisimu wasome aya hii mara mbili.

Akaingia jeshini, akatumikia Ireland, akarudi London akawa karani wa wakili, kisha mhadhiri wa jioni ambaye kumbi zilijaa kumsikiliza. Mwaka 1866 alianzisha chama cha kitaifa cha watetezi wa utengano wa dini na serikali. Msimamo wake ulikuwa wa tahadhari kuliko alivyosingiziwa. Hakudai kwamba amepekua mbingu akathibitisha hakuna Mungu. Alisema kwamba neno hilo, kwa jinsi alivyoelezwa maana yake, halikumpa picha yoyote akilini ambayo angeweza kuikubali, na kwamba hawezi kukiri kwa ulimi jambo ambalo akili yake haijalishika. Mimi ni mtu wa sala na sikubaliani naye. Lakini ninaona ni mtu anayeyachukulia maneno kwa uzito, na hilo si dogo.

Mwaka 1880 mafundi viatu wa Northampton walimchagua awe mbunge wao. Tarehe 3 Mei aliomba, badala ya kuapa kwa jina la Mungu, athibitishe kwa heshima yake. Kamati ya Bunge ikakataa kwa tofauti ya kura moja. Akasema basi, ataapa kama sheria inavyotaka. Aliandika hadharani kwamba yale maneno ya mwisho hayana maana kwake, ila ahadi iliyomo katika kiapo itamfunga kikamilifu. Hapo ndipo maadui zake walipompata: thibitisho walikwisha mkatalia kwa kuwa sheria haikumruhusu, na sasa kiapo wakamkatalia kwa kuwa amesema kweli. Angenyamaza, akabusu kitabu na kuketi kama walivyofanya wengine ambao kila mtu alijua hawakuamini, asingeguswa. Tarehe 23 Juni alisimama mbele ya Baraza la Makabwela, akaamriwa atoke, akakataa, akalazwa usiku ule mahabusu katika Mnara wa Saa, pale pale inapolia Big Ben.

Vita hivyo vilidumu miaka sita. Kwa muda mfupi aliruhusiwa kuthibitisha, akaketi na kupiga kura, kumbe kila kura ilimweka katika hatari ya faini ya pauni 500. Alishitakiwa, kiti kikatangazwa wazi, Northampton wakamrudisha mwaka 1881. Tarehe 3 Agosti mwaka huo alipojaribu kuingia ukumbini, polisi na watumishi wa Bunge walimkamata. Alikuwa pande la mtu, wakamburuta ngazi kwa ngazi hadi uani, koti limechanika. Nje walikuwa wamesimama maelfu ya wafuasi wake, na neno moja lake lingetosha kuvunja malango. Yeye alikuwa amekwisha mwagiza Annie Besant, mwenzake katika mapambano, kwamba litokee litakalotokea, watu wasitumie nguvu. Hawakutumia. Wapiga kura walimrudisha tena mwaka 1882, na tena mwaka 1884.

Waziri Mkuu Gladstone, Mkristo mcha Mungu kama walivyokuwa wachache katika Bunge lile, alisimama mwaka 1883 kutetea muswada ambao ungemruhusu Bradlaugh kuthibitisha. Aliwakumbusha wabunge mshairi Lucretius na miungu yake isiyojali mambo ya wanadamu, akauliza: mtu anayeamini mungu wa namna hiyo anapita katika kiapo chenu bila taabu, je, dini imepata faida gani? Hotuba ile ninaihesabu kuwa utetezi bora wa imani uliotolewa Uingereza karne ile, maana ilitoka kwa muumini aliyekataa jina la Mola wake lifanywe kufuli la mlango wa Bunge. Muswada ulianguka kwa kura 292 dhidi ya 289.

Mwaka 1886 Spika mpya alikataa kusikiliza pingamizi lolote, Bradlaugh akaapa na kuketi. Mwaka 1888 akapitisha muswada wake mwenyewe, Sheria ya Viapo, uliompa mtu yeyote asiye na imani ya dini, au ambaye dini yake inamkataza kuapa, haki ya kuthibitisha popote kiapo kinapotakiwa. Mwezi Januari 1891 alikuwa mgonjwa mahututi. Tarehe 27 Bunge liliamua kulifuta kwenye kumbukumbu zake azimio la mwaka 1880 lililomzuia. Alikufa tarehe 30 bila kupata habari. Makaburini Brookwood walikuja Wahindi wengi, kwani alikuwa ameitetea nchi yao Bungeni, na miongoni mwao alikuwepo mwanafunzi wa sheria wa miaka 21, Mohandas Gandhi.

Nimekwenda mbali, lakini kisa hiki hakiko mbali nasi. Fungua Sheria ya Viapo na Matamko ya Kisheria ya Tanzania, Sura ya 34, kifungu cha 4. Utakuta kwamba anayepinga kuapa kwa sababu hana imani ya dini, au kwa sababu dini yake inamkataza kuapa, ataruhusiwa kuthibitisha, na thibitisho lake litakuwa na nguvu ile ile ya kiapo. Sheria ya Kenya, Sura ya 15, ina maneno hayo hayo karibu neno kwa neno. Ni maneno ya muswada wa Bradlaugh. Kwetu Tanzania kifungu kimeongezewa watu wa dini zisizo za Kikristo, kwa hiyo Mwislamu anayethibitisha pale mahakamani Kisutu asubuhi anapita katika mlango uliovunjwa na mkana Mungu wa Northampton.

Turudi kwa Bala. Huyu ni mhandisi wa kemikali, mzaliwa wa Kano, aliyekamatwa Aprili 2020 kwa maandishi ya Facebook, akahukumiwa miaka 24 mwaka 2022, rufaa ikaipunguza kuwa mitano. Miaka kadhaa kabla ya hapo, alipotangaza tu kwamba ameacha dini, alipelekwa hospitali ya magonjwa ya akili. Kenya, jumuiya ya wakana Mungu ilisajiliwa mwaka 2016 na usajili ukasimamishwa ndani ya miezi michache, ilhali sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini. Watu hao wanalipa kodi, wanafundisha watoto wetu na kusaini mikataba. Wapo wema na wapo waovu, kama waliomo misikitini na makanisani. Tukiwatisha hawatageuka waumini. Watajifunza kutudanganya, na dhambi ya uongo huo sehemu yake itakuwa yetu.

Kwa makarani wa mahakama nina ombi moja. Kabla ya kumkabidhi shahidi Biblia kwa mazoea, muulizeni kama ataapa au atathibitisha, na akichagua kuthibitisha msimtazame kwa jicho la shaka. Kifungu cha 4 kinampa haki hiyo.