Jiwe la Sikio la Samaki na Daftari la Bahari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka ajua ukweli wa maneno hayo, na mfugaji hali kadhalika. Lakini iko mali moja kubwa ya mataifa ambayo kwa miaka mingi ilivunwa bila ya daftari la kuaminika, nayo ni samaki wa bahari kuu. Ng'ombe hupigwa chapa. Samaki hana chapa. Leo yumo katika maji ya nchi hii, mwezi ujao yumo katika maji ya nchi nyingine, na apakuliwapo gatini hapana mtu awezaye kumtazama kwa macho matupu akasema amezaliwa wapi.

Yafaa basi wasomaji wetu wajue kwamba samaki huyo huchukua daftari lake mwenyewe kichwani. Ndani ya kichwa cha samaki wenye mifupa, karibu na ubongo, mna vijiwe vidogo vinavyomsaidia kusikia na kujiweka sawa majini. Vijiwe hivyo ni jozi tatu, navyo vimefanywa kwa chokaa ya namna ileile inayojenga matumbawe. Samaki anapokua, jiwe nalo hukua kwa kuongezwa tabaka juu ya tabaka, mfano wa mti unaoongeza duara shinani. Mwaka 1899 bingwa mmoja wa Ujerumani, Johannes Reibisch, alionyesha kwamba umri wa samaki waweza kuhesabiwa kwa matabaka hayo. Na mwaka 1971 Giorgio Pannella akaonyesha kwamba yapo matabaka yanayowekwa kila siku.

Lakini jiwe hilo latunza habari nyingine iliyo kubwa kuliko umri. Mifupa ya mwili huvunjwa na kujengwa upya maisha yote. Jiwe la sikio halivunjwi. Lililowekwa siku za utoto hubaki katikati yake mpaka samaki afe. Na kwa kuwa jiwe hujengwa kwa vitu vinavyotoka majini, kila tabaka huchukua alama ya maji ambamo samaki alikuwa akiishi: kiasi kidogo cha madini kama strontiamu na bariamu, na oksijeni ya namna mbili, nyepesi na nzito. Mahali ambapo jua huvukiza maji mengi, oksijeni nyepesi huondoka pamoja na mvuke na ile nzito husalia. Joto la maji nalo hupunguza sehemu ya oksijeni nzito inayoingia katika jiwe. Mabingwa hukata jiwe, huchukua unga kidogo wa kiini chake, kisha huupima kwa mashine inayotenganisha chembe kwa uzito wake. Hivyo huweza kutambua maji ambamo samaki alilelewa.

Pengine msomaji atauliza, elimu hii yamfaa nini mfanyakazi? Jibu limo katika habari za jodari wa pezi la samawati wa Bahari ya Atlantiki. Huyu ni samaki mkubwa, wapo waliopita kilo 600, na bei yake ni kubwa mno. Hutaga mayai hasa katika pande mbili: Bahari ya Mediterania upande wa mashariki, na Ghuba ya Meksiko upande wa magharibi. Tume ya mataifa inayosimamia jodari wa Atlantiki, yenye makao yake Madrid, iliamua mwaka 1981 kuigawa bahari kwa mstari wa longitudo ya 45 magharibi. Samaki wa upande huu wakahesabiwa kuwa kundi moja, na wa upande ule kundi jingine, kila upande na mgao wake. Mstari ukachorwa juu ya karatasi. Lakini jodari hasomi ramani.

Mwaka 2008 mabingwa walioongozwa na Jay Rooker wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walitangaza katika jarida la Science yale waliyoyasoma katika mawe ya masikio. Kwanza, jodari wakubwa hurudi kutaga kwao: katika kila samaki 100 waliopimwa kutoka kila mahali pa kutagia, zaidi ya 95 walikuwa wamezaliwa palepale. Pili, nje ya majira ya kutaga makundi hayo huchanganyika sana. Miongoni mwa jodari ambao hawajapevuka waliovuliwa pwani ya Marekani, zaidi ya nusu walikuwa wana wa Mediterania waliovuka bahari nzima.

Tutoe mfano ulio karibu nasi. Ndugu wawili wanachunga pamoja. Mkubwa ana ng'ombe 200, mdogo ana 20, wala ng'ombe hao hawana chapa. Kila wiki huchinjwa mmoja bila kuulizwa ni wa nani. Ukilitazama kundi zima utaona bado ni kubwa, nawe utasema hapana hatari. Kumbe huenda ng'ombe wa yule mdogo wamekwisha zamani, na hapana aliyejua. Hivyo ndivyo kundi dogo la magharibi lilivyoweza kupungua likiwa limefichwa ndani ya kundi kubwa la mashariki.

Tena, dhuluma ya upande mmoja hufika upande wa pili. Mwaka 2007 mgao wa mashariki ulikuwa tani 29,500, lakini mabingwa wa tume hiyo walikadiria kwamba zilivuliwa kama tani 61,000. Mvuvi wa Marekani aliyeshika sheria upande wake alikuwa akinyang'anywa samaki ambao bado hawajamfikia. Baadaye masharti yalikazwa na kundi la mashariki likaongezeka. Mwaka 2022 tume ilikubali utaratibu unaoyahesabu makundi yote mawili pamoja na kuchanganyika kwao. Mgao wa kila mwaka wa 2023 hadi 2025 ukawa tani 40,570 mashariki na tani 2,726 magharibi.

Hatusemi kwamba jiwe hilo halikosei. Maji ya bahari kuu hufanana mahali pengi, na hali yake hubadilika mwaka hata mwaka. Ndiyo maana mabingwa huliuliza jiwe, kisha huuliza na urithi wa damu, na samaki waliotiwa alama wakaachiliwa. Mashahidi watatu wakikubaliana, hukumu huwa na nguvu.

Sasa tugeukie bahari yetu. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 umezipa nchi za pwani haki ya mali ya maji hadi maili 200 za baharini. Wavuvi wa Pemba, Mafia na Kilwa wamjua jodari wa pezi la manjano, na meli za mataifa ya mbali humfuata samaki huyohuyo. Tume ya jodari wa Bahari ya Hindi, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama wake, ina makao Ushelisheli, na kwa kazi ya kugawa inamhesabu jodari huyo kuwa kundi moja kwa bahari nzima. Mabingwa wameanza kulichunguza jambo hilo kwa mawe ya jodari wachanga wa Madagaska, Ushelisheli na Somalia, Maldivi na Sumatra. Ikiwa kundi ni moja, atakayevua kupita kiasi mbali atatupunguzia sisi. Ikiwa ni zaidi ya moja, lazima tujue ni lipi linalolisha pwani yetu, lisije likamalizika huku hesabu ya jumla ikionyesha neema.

Kwa maoni yetu, jambo hili haliwezi kuachiwa wageni peke yao. Aendaye katika baraza la mgao bila ushahidi wake ni kama asiyejua kusoma anayetiwa mkataba mkononi: atapewa sehemu, lakini hatajua kama ni haki yake. Twazo taasisi, kama Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi na ile ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar. Zipewe vyombo, na vijana wetu wasomeshwe kazi hii. Mpakuzi wa gatini naye anayo sehemu yake, maana jiwe hutoka katika kichwa, ambacho mara nyingi hutupwa, wala nyama haiharibiki. Kichwa hicho kikiandikwa siku na mahali kilipovuliwa, kisha kikafikishwa kwa mabingwa, kitakuwa kurasa moja katika daftari la taifa.

Uhuru wa nchi ni pamoja na kuijua mali yake. Bahari imetuandikia hesabu. Wajibu wetu ni kujifunza kuisoma.