Kubana, Kubanua na Kubadili: Msamiati wa Taswira za Diski

Kitenzi *bana* kina maana ya msingi ya kushika au kuweka kitu kwa kukikaza. Katika taaluma ya kompyuta, kitenzi hiki hutaja kitendo cha kuandika data katika nafasi ndogo zaidi. Kinyume chake ni *banua*, kilichoundwa kwa kiambishi cha kutendua *-u-*, kama ilivyo katika *kunja* na *kunjua*. Tofauti kati ya vitenzi hivyo na *badili* hudhihirika katika kazi ya kuhifadhi programu za kompyuta za zamani.

Mfano mzuri ni Amiga, kompyuta iliyotolewa na Commodore mwaka 1985. Disketi yake ya kawaida ina nyuzo mbili; kila uso una njia 80, kila njia ina sekta 11, na kila sekta hubeba baiti 512. Jumla yake ni baiti 901,120, yaani kilobaiti 880. Faili inayonakili sekta zote hizo kwa mpangilio uleule huitwa *taswira ya diski*. Neno *picha* halifai hapa, kwa kuwa msomaji atadhani ni mchoro au fotografia. Taswira hiyo husomwa na *emuleta*, yaani programu inayoifanya kompyuta ya leo itende kazi kama ile ya zamani.

Taswira isiyobanwa ya Amiga hutumia umbizo la ADF. Umbizo la ADZ ni ADF ileile iliyobanwa kwa gzip. Kwa hiyo, kuipata ADF ni suala la *kubanua* tu. Umbizo la DMS ni tofauti: hubana njia mojamoja na kuzifunga katika muundo wake wenyewe. Programu ya xdms husoma muundo huo, hubanua kila njia, kisha huandika faili mpya ya ADF. Hapo ndipo inapofaa kusema *kubadili umbizo*, kwani kubanua ni hatua moja tu ya kazi hiyo.

Linganisha sentensi hizi:

1. Badili jina la faili liishie kwa ADF.
2. Badili faili iwe katika umbizo la ADF.

Sentensi ya kwanza hugusa jina tu. Yaliyomo hubaki yamebanwa. Mtumiaji anayeelekezwa hivyo kwa kosa la tafsiri aweza kuamini kuwa ameokoa diski, akafuta faili ya awali, au akaitupa disketi yenyewe. Sentensi ya pili ndiyo inayoagiza ubadilishaji wa kweli.

Vilevile, mfasiri aepuke *kupunguza data* mahali pa *kubana data*. Kupunguza huashiria kuondoa, ilhali taswira iliyobanwa kwa njia hizi hurudishwa kamili, baiti kwa baiti. Ndiyo maana kazi huweza kukaguliwa: taswira ya ADF ya disketi ya kawaida isipofikia baiti 901,120, kuna njia zilizokosekana, na faili ya awali haipaswi kufutwa.

Kwa muhtasari, kinachobanwa hubanuliwa, umbizo hubadilishwa, na jina likibadilishwa peke yake, data husalia vilevile.