Kuhamisha Programu za Vihisi Kutoka Toleo la 2 la Python Hadi Toleo la 3: Mfano wa Kina cha Maji Kaole

Kaole, iliyo kiasi cha kilometa 5 kusini ya mji wa Bagamoyo, ilikuwa bandari. Msikiti wake wa kale huhesabiwa kuwa wa karne ya 13, na magofu yake yalichimbuliwa na Neville Chittick mwaka 1958. Leo mikoko imesimama baina ya magofu hayo na bahari. Mtu atakaye kujua jinsi maji yanavyosogea mahali kama hapo hapana budi ayapime kila siku kwa miaka mingi. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa na kihisi, yaani chombo kitambuacho hali fulani na kuitoa kwa namba. (Wengine husema "sensa", walakini neno hilo limekwisha kupewa kazi ya kuhesabu watu.) Makala haya yaeleza hatari iliyomo katika kuihamisha programu isomayo kihisi kutoka toleo moja kuu la lugha ya kompyuta hadi jingine.

Lugha ya Python, iliyobuniwa na Guido van Rossum, ilipata toleo la 3 mwezi wa Desemba 2008. Toleo hilo lilivunja kwa makusudi baadhi ya kanuni za toleo la 2. Wenye programu walipewa muda hadi mwaka 2015, kisha muda ukaongezwa. Matunzo ya toleo la 2 yalikoma tarehe 1 Januari 2020. Mabadiliko mawili yanawahusu hasa wenye vihisi.

La kwanza ni kugawanya. Katika toleo la 2, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, sehemu iliyobaki ilitupwa: 5 kwa 2 ilikuwa 2. Katika toleo la 3 ni 2.5. Na tuseme kwamba kihisi kimewekwa katika mkondo wa Kaole, nacho hutoa namba kuanzia 0 hadi 1023 kwa kina cha sentimeta 0 hadi 300. Kikitoa 517, programu huzidisha kwa 300 na kugawanya kwa 1023. Toleo la 2 litaandika 151. Toleo la 3 litaandika 151.6. Kwa wastani tofauti ni karibu nusu sentimeta, nayo huelekea upande mmoja siku zote. Basi siku ya kuhama, daftari litaonyesha kwamba maji yamepanda milimeta 5, hali bahari haikufanya lolote. Tukikumbuka kwamba katika miongo ya karibuni bahari za dunia zimepanda kiasi cha milimeta 3 au 4 kwa mwaka, kosa hilo lazidi mwendo wa mwaka mzima. Wala kompyuta haitalalamika, kwa kuwa kwake hesabu zote mbili ni sahihi.

La pili ni maandishi. Kihisi hupeleka baiti, nazo ni namba tupu. Herufi hupatikana kwa kuzisoma baiti hizo kwa kanuni iliyokubaliwa. Toleo la 2 halikutenga baiti na maandishi. Toleo la 3 limevitenga kabisa. Msomaji aliyezoea Kiswahili cha hati za Kiarabu ataelewa upesi. Katika hati nyingi za zamani herufi moja, *be*, ilisimama mahali pa b, p na mb. Kwa hiyo bata, pata na mbata yaliweza kuandikwa sawasawa, na msomaji ndiye aliyeamua. Toleo la 3 lataka uamuzi huo utajwe wazi. Usipotajwa, programu ingojayo neno "tayari" yaweza kuletewa baiti za neno lilo hilo, ikaona si sawa, ikaendelea kungoja bila kutoa onyo.

Kilikuwepo chombo, 2to3, cha kubadilisha maandiko ya programu. Kilirekebisha mengi ya sura ya nje, lakini hakikuweza kujua mwandishi alikusudia mgawanyo upi. Kwa hiyo yafaa kufuata mambo matatu:

(1) Namba zile zile za zamani zipitishwe katika programu zote mbili, na majibu yalinganishwe kabla ya kuhama.

(2) Mahali ambapo kukata kulikusudiwa, iandikwe alama // ambayo hukata katika matoleo yote mawili.

(3) Namba ya asili ya kihisi itunzwe pamoja na tarehe yake na jina la toleo lililotumika.

La tatu ndilo kubwa. Aliyetunza 151 pekee hawezi tena kujua kama kihisi kilisema 515, 516, 517 au 518, maana zote nne zilikatwa zikawa hiyo moja. Aliyetunza 517 aweza kuikokotoa upya wakati wowote, kama vile aliyetunza hati ya asili awezavyo kusahihisha nakala ya herufi za Kirumi iliyokosewa.