Wewe ni mashoto na unataka bunduki fupi ya kuwindia? Soma hapa kabla hujatoa hela

Leo tunaingia kwenye mada ambayo huku kwetu haiandikwi kabisa: jinsi ya kuchagua bunduki ya kuwindia ya bolti, iliyo fupi, kwa mtu anayetumia mkono wa shoto.

Najua kuna mtu ameshaanza kucheka, "sasa hii inatuhusu nini?" Inatuhusu. Tuna ndugu kibao Marekani, Watanzania, Wakenya na Wakongo, na sehemu nyingi za kule kuwinda kulungu msimu wa vuli ni jambo la kawaida kama sisi kwenda kuvua. Mtoto anaalikwa na jirani, au dada anaalikwa na wenzake wa kazini. Anakabidhiwa bunduki ya mzee mwenye nyumba, ndefu, nzito na ya mkono wa kulia. Na yeye ni mashoto, tena kimo chake cha kawaida tu.

Dunia hii imetengenezwa na watu wa kulia kwa ajili ya watu wa kulia. Mashoto ni kama mtu mmoja kati ya kumi. Mkasi umegeuzwa, viti vya chuo vina kibao cha kuandikia upande wa kulia, na nyumbani umechapwa sana kwa kunyoosha mkono wa kushoto kwenye sinia. Unazoea. Lakini mkasi ukikushinda unaharibu kitambaa tu. Bunduki ikikushinda, unamjeruhi mnyama halafu anaenda kufia vichakani kwa maumivu, au unahangaika kuikoki huku mtutu umegeukia kwa mwenzako. Hapo hakuna cha kuzoea.

BOLTI NI NINI?

Ni kile chuma cha mviringo chenye kishikio, unachokiinua, unakivuta nyuma, ganda linaruka, unakisukuma mbele, risasi nyingine inaingia, unakilaza chini. Bunduki nyingi za kuwindia za leo bado zinafuata njia ya Mauser ya mwaka 1898. Haina mambo mengi, ni imara, na inalenga vizuri.

Shida ni kwamba kishikio kiko kulia. Mtu wa kulia akishapiga, mkono wake wa kulia unatoka kwenye kifyatulio (triga), unakoki, unarudi. Mkono wa kushoto umeshika bunduki chini, haisogei begani. Mashoto hana bahati hiyo. Bunduki iko bega la kushoto, kwa hiyo mkono wa shoto lazima uvuke juu ya darubini kwenda kutafuta kishikio ng'ambo ya pili. Bunduki inashuka begani, macho yanamwacha mnyama, mtutu unacheza.

Kuna jingine ambalo wengi hawalijui. Tundu la kutolea maganda liko upande wa kulia. Mtu wa kulia analaza shavu upande wa kushoto wa kitako, yaani mbali na hilo tundu. Mashoto analaza shavu kulia, tundu liko upande uleule wa uso wake. Siku ganda likipasuka (ni nadra, lakini hutokea) moto na vipande vya chuma vina njia fupi ya kumfikia. Miwani ya kukinga macho vaa hata ukiwa na bunduki ya upande wako, ila hapa ndiyo usithubutu kuikosa.

Tuseme ukweli pia: ukiwa umelala chini au umeegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, ile ya kulia siyo mbaya sana kwa mashoto, maana mkono wa kulia uko huru kukoki. Ila porini unasimama, unapiga goti, unageuka ghafla. Mfuko wa mchanga hautembei na wewe.

ANZA NA JICHO, SIYO MKONO

Hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Kuandika kwa shoto hakumaanishi jicho lako lenye nguvu ni la kushoto. Jipime sasa hivi hapo ulipokaa, ni bure. Nyoosha mikono yote miwili mbele, unganisha viganja ubakize kitundu kidogo katikati. Macho yote mawili yakiwa wazi, tazama kitu cha mbali kupitia kitundu hicho, labda saa ya ukutani. Sasa funga jicho moja, kisha fungua na ufunge la pili. Jicho ambalo likiwa wazi peke yake bado unaiona saa, hilo ndilo linaloongoza.

Kama ni la kushoto na mkono ni wa shoto, safi, tafuta bunduki ya shoto. Kama mkono ni shoto na jicho ni la kulia, fikiri kwanza. Kwa mtoto anayeanza, ambaye mwili bado haujashika mazoea, ni rahisi kumfundisha kulenga kwa bega la kulia. Akikubali, anapata soko lote la bunduki za kulia na hahitaji kuhangaika. Kwa mtu mzima aliyeshazoea bega la kushoto, darubini inasaidia kwa sababu jicho moja ndilo linalochungulia. La kulia analifumba basi.

UPANDE HAUBADILIKI, UREFU UNABADILIKA

Ukisahau mengine yote, hili usilisahau.

Mashoto mwenye mwili mdogo anatafuta vitu viwili kwa pamoja: bunduki ya shoto na bunduki fupi. Za shoto ni chache. Fupi za shoto ni chache zaidi. Kwa hiyo watu wanakata tamaa, wananunua fupi ya kulia kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Hilo ni kosa, na sababu yake ni ya kiufundi kabisa.

Bolti ya shoto haifungwi kwenye bunduki ya kulia. Mwili wote wa chuma unaoibeba umechongwa kwa kugeuzwa: njia ya kishikio, tundu la maganda, vyote. Ukishanunua ya kulia, ni ya kulia mpaka kufa. Lakini kitako ni mbao au plastiki. Kinakatwa. Kinabadilishwa. Mtutu pia fundi mwenye leseni anaweza kuufupisha, ila sheria ina kikomo, kule Marekani mtutu wa bunduki ya aina hii usipungue inchi 16.

Kipimo muhimu ni umbali kutoka triga hadi mwisho wa kitako. Bunduki za watu wazima nyingi zina inchi 13.5 hivi, kama sentimeta 34. Zile fupi zina inchi 12 na kidogo, kama sentimeta 31 au 32. Tofauti ya vidole viwili tu, lakini kitako kikizidi urefu unalalia nyuma kama mtu aliyebeba gunia, na bunduki inakupiga kwenye mkono badala ya kwenye bega.

Kwa hiyo kama fupi ya shoto ya kiwandani haipo, chukua ya shoto ya kawaida, mpe fundi akate kitako, na kile kipande kilichokatwa KITUNZE. Mtoto akikua kinarudishwa. Kampuni nyingine zimerahisisha zaidi. Savage ya Marekani, ambayo Model 110 yake ilianza mwaka 1958 na ikawa miongoni mwa za kwanza kutengenezwa kwa wingi kwa mkono wa shoto, tangu 2018 ina mfumo uitwao AccuFit: unaongeza au unatoa vipande nyuma ya kitako kwa bisibisi tu. Ruger ya Marekani na Tikka ya Finland nazo hutengeneza za shoto. Orodha za viwanda hubadilika kila mwaka, na siyo kila toleo lina shoto, kwa hiyo uliza toleo lenyewe kwa jina lake usiishie kuuliza kampuni.

Angalia pia kitufe cha usalama kilipo. Kwenye Savage 110 na Ruger American kiko juu katikati, nyuma ya bolti, dole gumba la mkono wowote linakifikia. Hiyo ni nafuu kubwa.

RISASI GANI?

Hapa majina ni mengi mpaka kichwa kinauma, lakini kwa bunduki fupi ya kulungu tuangalie nne: .243 Winchester (1955), 7mm-08 Remington (1980), 6.5 Creedmoor (2007) na .308 Winchester (1952). Zote zina urefu unaokaribiana, .308 ikiwa milimeta 71 hivi. Linganisha na .30-06 ya mwaka 1906 yenye milimeta 85. Risasi fupi inaruhusu mwili mfupi wa bunduki na safari fupi ya bolti, na mwenye mkono mfupi anakoki bila kunyanyua shavu. Tikka wao wanatumia mwili wa urefu mmoja kwa saizi zote, kwa hiyo kwao usitegemee kupata ufupi hapo.

Sasa teke. Kwenye bunduki za uzito sawa, .243 inapiga teke kama nusu ya .308. Hizo nyingine mbili ziko katikati. Kwa anayeanza, teke kubwa linazaa ugonjwa wa kufumba macho na kuvuta triga kwa hofu kabla ya wakati. Ugonjwa huo ukishaingia, kuutoa ni kazi. .243 inamtosha kulungu wa kule kama umbali ni wa wastani na mpigaji anaweka risasi mahali pake, nyuma ya bega kwenye mapafu na moyo. Anayetaka nafasi zaidi ya kukosea kidogo aende 7mm-08 au 6.5 Creedmoor.

Na msije mkachanganya mambo: hizi siyo za nyati wetu. Kwa wanyama wakali kama nyati, .375 H&H ya mwaka 1912 ndiyo huhesabiwa mahali pa kuanzia, na hiyo ni bunduki ndefu na nzito, habari nyingine kabisa.

FUPI NA NYEPESI ISIZIDI

Dukani bunduki nyepesi inapendeza kweli. Lakini fizikia ya fomu two haijafutwa: risasi ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma, na ikiwa nyepesi inarudi kwa kasi zaidi. Mtutu mfupi nao una gharama. Kila inchi moja unayokata, risasi inapoteza kama mita 6 hadi 9 kwa sekunde. Siyo nyingi kwa kulungu wa karibu, ila mlio unakuwa mkali zaidi kwa sababu mdomo wa mtutu uko karibu na masikio yako. Kinga ya masikio siyo ya waoga. Mtutu wa inchi 18 hadi 20 kwa maoni yangu ndiyo katikati nzuri.

JARIBU NAMNA HII

Kwanza mwenye duka afungue bolti, na wewe mwenyewe uangalie kwamba hakuna risasi ndani. Elekeza mtutu mahali salama. Kisha:

1. Funga macho, weka bunduki begani, laza shavu, fungua macho. Kama picha ya darubini imekuja nzima bila kusogeza shingo, kitako ni chako.

2. Koki mara tatu bila kuishusha begani. Ukilazimika kuishusha, ni ndefu kwako au ni ya upande usio wako.

3. Angalia nafasi kati ya jicho na darubini. Iwe sentimeta 8 hadi 10 hivi. Kitako kikikatwa, darubini nayo isogezwe mbele, la sivyo ukipiga itakupasua juu ya nyusi.

SHERIA

Marekani, duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia bunduki ya namna hii mtu wa chini ya miaka 18, na mnunuzi anakaguliwa rekodi zake. Kila jimbo lina leseni yake ya kuwinda, mengi yanadai kozi ya usalama, na mengine yanabana aina za risasi za kulungu. Kwa wageni wasio na uraia kuna masharti ya ziada, kwa hiyo ndugu yangu mwenye viza ulizia kwanza, usiponzwe na rafiki mwenye pasipoti ya kule. Huku nyumbani, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania upo, lakini kwa leseni ya silaha na leseni ya kuwinda. Ukiingia porini bila hizo wewe ni jangili tu, hata kama bunduki yako inakukaa vizuri namna gani.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu mashoto huko ughaibuni anayepewa bunduki ya kulia na kuambiwa "utazoea tu", mtumie hii. Apime jicho, anunue upande wake, urefu aurekebishe baadaye.

Mashoto wenzangu na watu wa kulia wote, uwanja wa maoni uko hapo chini. Nawasilisha.