Mlinzi wa Isaya na Foleni ya Malaba

Ukitaka kuona wimbo ukihukumiwa bila wakili, taja "Hotel California" wa kundi la Eagles mbele ya watu wanaosubiri chai kando ya barabara pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Dereva wa trela atautambua kwa gitaa kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mwenzake atasema ni wimbo wa safari. Wa tatu, na huyu hakosekani, atasema ni wimbo wa kuabudu Shetani: hoteli ni kanisa lake, karamu ni kafara, visu ni vya machinjo. Ushahidi anao. Ndani ya jalada la santuri kuna picha ya watu wamejaa ukumbini, na juu roshani eti amesimama Anton LaVey, aliyeanzisha Kanisa la Shetani mjini San Francisco mwaka 1966.

LaVey hayumo katika picha hiyo. Visu navyo vina asili ya utani: mwaka 1976 kundi la Steely Dan liliwataja Eagles katika wimbo wao mmoja, nao Eagles wakajibu kwa kuchomeka visu vya chuma, "steely", katika wimbo wao wa mwaka huohuo. Glenn Frey, mmoja wa watunzi, alilieleza hilo waziwazi. Mwenzake Don Henley amesema zaidi ya mara moja kwamba wimbo unahusu safari ya mtu kutoka kutojua hadi kujua, katikati ya anasa za California.

Kesi imekwisha? Bado. Anayesema hoteli ni kanisa la Shetani na anayemjibu kwamba Henley mwenyewe kasema vingine wamekaa benchi moja. Wote wawili wanaamini kwamba ishara ni kufuli yenye ufunguo mmoja. Kwa huyu ufunguo anao mhubiri, kwa yule anao mtunzi. Kazi ya kufasiri mashairi ya nyimbo huanza pale mtu anapoacha kuutafuta.

Woga wetu wa roki una historia yake. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za Shetani nchini Kenya, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Tume ilimaliza kazi mwaka uliofuata, lakini ripoti haikuwekwa hadharani hadi 1999. Nadhani miaka ile ya kusubiri ilifanya kazi kubwa kuliko ripoti yenyewe, kwa kuwa jambo lililofichwa kabatini kila mtu hulijazia mwenyewe. Tena zilikuwa zimeshatufikia kutoka Marekani hadithi za santuri zinazozungushwa kinyumenyume ili ujumbe wa kuzimu usikike. Waliosoma shule za bweni miaka hiyo wanayakumbuka mahubiri juu ya kaseti.

Linalonishangaza ni kwamba wasikilizaji hawahawa ni wafasiri hodari wakikutana na muziki mwingine. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940 na kufa ajalini Kisumu mwaka 2006, aliujaza muziki wake wa benga Biblia na wanyama. Alipoimba habari za nyani katika "Bim en Bim", Mjaluo wa Busia hakudhani anasomeshwa elimu ya wanyamapori, wala hakungoja Misiani aitishe mkutano na wanahabari. Alisikiliza nyani wa wimbo anafanya nini, akakumbuka wazee humsimulia nyani vipi, akatazama nani anatawala mwaka huo, akaelewa. Misiani alitiwa ndani zaidi ya mara moja kwa ajili ya nyimbo zake, maana serikali nayo ilijua kusikiliza.

Ng'ambo ya pili ya mpaka, Paulo Kafeero, bingwa wa muziki wa kadongo kamu aliyefariki mwaka 2007, alitunga "Walumbe Zaaya", wimbo mrefu juu ya kifo. Redio za Uganda haziulizi pasipoti, kwa hiyo wimbo huo ni wa Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda. Msikilizaji wa Kiganda akilisikia jina Walumbe anasikia kisa kizima: Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni, anashuka duniani na mumewe Kintu. Wameonywa wasirudi nyuma kwa lolote. Wanakumbuka kwamba wamesahau ulezi wa kuku, wanarudi, na Walumbe, nduguye Nambi, anawafuata. Kifo kiliingia duniani kwa sababu ya chakula cha kuku. Ukilijua hilo, kila Walumbe anapotajwa katika wimbo huwezi kumsikia kama adui mgeni. Ni shemeji aliyekuja kwa sababu mlirudi mlangoni. Ishara imebeba hadithi, na hadithi imebeba swali la kifalsafa: msiba huu ni wa nani, wa Walumbe au wa aliyerudi?

Basi tuipe roki haki tuliyompa Kafeero. Nachukua mfano ambao nadhani ni mgumu na mtamu kuliko "Hotel California", nao ni "All Along the Watchtower". Bob Dylan aliurekodi mwaka 1967. Mwaka uliofuata Jimi Hendrix akaurudia kwa gitaa la umeme, na ni sauti ya Hendrix ambayo wengi wameizoea. Ni wimbo wa mistari kumi na miwili tu. Kuna chale na mwizi wanazungumza. Chale amechanganyikiwa, anatafuta pa kutokea, analalamika kwamba wengine wanakula mali yake bila kujua thamani yake. Mwizi anamtuliza kwa upole na kumkumbusha kwamba saa zimekwenda. Halafu ghafla tumepelekwa kwingine: kwenye mnara wa ulinzi wako wakuu, wanawake na watumishi, nje kuna mnyama wa mwituni, kuna wapanda farasi wawili wanaokaribia, na upepo. Wimbo umekwisha.

Mtu akianza kupachika maana hapohapo, mnara ni Kanisa, mwizi ni Ibilisi, atakuwa amekimbia. Kwanza tuulize vitu hivi vilikuwa wapi kabla ya kuingia katika wimbo. Fungua Isaya 21, aya ya 5 hadi ya 9. Meza imeandikwa, wakuu wanakula na kunywa. Nabii anaambiwa aweke mlinzi. Mlinzi anatazama mchana kutwa na usiku kucha, anawaona wapanda farasi wawili wawili, na kisha linatoka tangazo kwamba Babeli umeanguka. Dylan amechukua mnara, wakuu na wapanda farasi, akaliacha tangazo. Kwangu mimi uzito wote wa wimbo uko katika kuacha huko. Kwa Isaya yupo anayejua na kusema. Katika wimbo walio mnarani wanatazama tu, na habari ya kuanguka kwa mji inabaki kwa msikilizaji aliyesoma Biblia yake. Anayesikiliza reggae, na mpakani reggae haikauki, anaijua Babeli hiyo vizuri. Marasta wameiimba miaka mingi kama jina la kila utawala unaokandamiza.

Kuna jambo la pili ambalo wahakiki wengi wameligundua. Wale wapanda farasi wawili wanaoonekana mwishoni huenda ndio chale na mwizi tuliowasikia mwanzoni. Yaani mazungumzo ya ubeti wa kwanza na wa pili yanafanyika njiani, juu ya farasi, na ubeti wa tatu unatuonyesha watu haohao kwa macho ya walio mnarani. Hadithi inaanza pale wimbo unapoishia. Na muziki unasaidia: kordi ni tatu tu, zinashuka na kupanda bila kutua mahali pa kupumzikia, kwa hiyo sikio nalo linazungushwa. Anayefasiri maneno peke yake na kuliacha gitaa nje amesoma nusu.

Wapo wanaosema chale ni Kristo na mwizi ni yule aliyesulubiwa pamoja naye katika Luka 23. Ni tafsiri nzuri ya mahubiri. Siipendi sana, kwa sababu inaeleza watu wawili na kuacha mnara, wakuu na farasi bila kazi. Kati ya tafsiri mbili, mimi huchukua ile inayovipa kazi vitu vingi vya wimbo, hata kama nyingine inanigusa moyo zaidi.

Sasa turudi mpakani, kwa sababu msikilizaji naye ana kiti chake. Kituo cha pamoja cha Busia, ambapo maafisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja, kilifunguliwa rasmi na Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari 2018. Miaka miwili baadaye, vipimo vya korona vilipoanza, foleni za malori kuelekea Malaba na Busia zilifika makumi ya kilomita, na madereva wakalala ndani ya magari siku nyingi. Dereva aliyekuwa katika foleni ile akimsikia chale anauliza pa kutokea, hahitaji kamusi. Tena hapa mwizi mwenye busara hamshangazi mtu. Anayevuka na gunia la sukari kwa njia ya panya ni mhalifu kwa sheria, ila jirani zake humwita mchuuzi. Wazee wanakumbuka pia kahawa ya magendo ya enzi za Idi Amin, iliyolipa jina soko la Chepkube huko Mlima Elgon. Kwa msikilizaji kama huyu, mwizi kuzungumza maneno ya hekima ni jambo la kawaida, na hivyo anamsikia Dylan vizuri kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu aliyejifunza kwamba mwizi lazima awe ishara ya uovu.

Hata hivyo kiti cha msikilizaji hakimpi ruhusa ya kusema lolote. Dereva akiniambia wale wapanda farasi ni maafisa wa ushuru, nitacheka naye halafu nitakataa: wapanda farasi wanatoka nje wakiukaribia mnara, na maafisa wako ndani. Maneno ya wimbo ndiyo yanayoamua.

Kwa kipimo hichohicho, Mteso wa Amagoro anaweza kuieleza ile karamu ya Eagles kwa namna ambayo Henley hakuiwaza. Ivan Karp, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi na Wateso wa Kenya na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1978, aliandika pia juu ya ajon, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Alionyesha kwamba kukaa kuzunguka chungu kile ndiko ujirani wenyewe: ni kukubali kwamba hakuna aliyekuja na hila. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo anaikuta karamu ya wageni wengi, kila kitu kimejaa, na hakuna hata mmoja aliye jirani wa mwenzake. Hahitaji Shetani ili aone kwamba mahali hapo pana kasoro. Wimbo unaikubali tafsiri hii bila kulazimishwa.

Falsafa tunaipimaje katika nyimbo? Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya, si mbali na Busia, alichapisha kitabu chake juu ya falsafa ya wahenga mwaka 1990. Alitofautisha mhenga anayeijua hekima ya jamii na kuirudia vizuri, na mhenga anayeichukua hekima hiyo na kuihoji. Naona mgawanyo huo unafaa nyimbo pia. "Turn! Turn! Turn!", uliovuma kwa kundi la Byrds mwaka 1965, karibu wote ni Mhubiri sura ya tatu, ile ya majira ya kila jambo. Kwa haraka utauweka kwa mhenga wa kwanza. Lakini Pete Seeger, aliyeutunga, aliongeza maneno machache mwishoni, yanayodai kwamba wakati wa amani haujapita. Mhubiri anasema vita vina wakati wake. Seeger, kwa maneno yasiyojaza kiganja, anabishana naye. Ishara ni zilezile na msimamo umegeuka.

Zipo pia nyimbo ambazo ufundi wote huu unapaswa kukaa kando kwa muda. Philly Bongoley Lutaaya, Mganda aliyekuwa akiishi Sweden, alijitangaza kuwa na Ukimwi mwaka 1989, wakati barabara hii ya malori ilikuwa ikizika watu na wengi wakiuita ugonjwa majina ya kuzungukazunguka. Alizunguka Uganda akizungumza shuleni na makanisani, akafa Desemba mwaka huohuo. "Alone and Frightened" si roki hasa, na hauna mnara wala mnyama. Ni mgonjwa anasema yuko peke yake na anaogopa, kisha anawaita watu wasimame naye. Ukiuliza upweke huo unaashiria nini, umeukwepa. Upweke huo ukishakukaa moyoni, ndipo unaweza kuuliza swali la mfasiri: kwa nini wimbo huo aliuimba kwa Kiingereza, ulimwengu mzima umsikie, ilhali nyimbo zake za Krismasi, ambazo redio za ng'ambo hutuletea hadi Busia kila Desemba, aliziimba kwa Kiganda.